Kabla ya Kununua Mashine, Uza Kwanza

Hapa Same vijana wanaotaka kusindika mazao huniuliza swali lilelile: "Kaka, mashine ya kusaga tangawizi inauzwa wapi?" Huwa nawajibu hivi: mashine iache kwanza. Niambie nani atakayenunua unga wako, na mwezi uliopita mtu huyo alinunua nini badala yake. Kama jibu huna, litafute kwa kilo chache za tangawizi, kisu kikali na mzani mdogo. Ndivyo nilivyoanza mimi, na ndivyo ninavyofanya hadi leo kila ninapofikiria bidhaa mpya.

Njia hii ina wenyewe. Mwaka 2011 Mmarekani Eric Ries alitoa kitabu, The Lean Startup, akieleza kwamba mwenye biashara changa asijifungie muda mrefu akijenga bidhaa kamili ambayo hajui kama ina mnunuzi. Atengeneze kitu kidogo kinachouzika, apime watu wanakifanyia nini, ajifunze, kisha arekebishe au abadili mwelekeo. Sehemu ya fikra hizo aliitoa kwenye viwanda vya Toyota, Japani, ambako kuzalisha kitu kisichohitajika huhesabiwa kuwa ni upotevu. Wengi hudhani haya ni mambo ya watu wa programu za simu. Mimi naamini yanatufaa sisi zaidi, kwa sababu sisi tukipoteza mtaji hakuna mwekezaji wa kutujazia mwingine. Wazee wetu wa Upareni walijenga ndiva za kukusanya maji usiku, asubuhi yakafunguliwa kwa zamu, shamba baada ya shamba. Mtaji mdogo unataka mkono wa namna hiyo hiyo: fungua kidogo, tazama maji yamefika wapi, ndipo uongeze.

Kwangu wazo lilianzia kwenye jiografia. Tangawizi inalimwa juu, Mamba Miamba na vijiji vya jirani, kwenye ukungu na mvua. Huku chini mjini Same mvua ni chache na jua ni kali, kwa sababu milima yenyewe inatuzuilia mawingu. Juu kuna mzizi uliojaa maji, chini kuna joto la kuukausha bure. Nikaona bidhaa: tangawizi kavu ya chai. Na kweli kule Mamba Miamba kipo kiwanda cha kuchakata tangawizi, na wapo wanaosema mtu mdogo hana tena nafasi. Sikubaliani nao. Kiwanda kinahitaji tani na tani. Mama wa mgahawa anahitaji kijiko kimoja kesho alfajiri, na huyo naweza kumfikia kwa miguu.

Kabla hujakata hata kipande kimoja, andika dhana zako kwenye daftari. Zangu zilikuwa tatu: kwamba jua la Same litakausha vizuri bila umeme, kwamba familia zitapenda unga laini wa kuweka kwenye chai, na kwamba watalipa jero kwa pakiti. Kisha jiulize ni ipi kati ya hizo ikiwa si kweli itaua biashara yote. Hiyo ndiyo ya kujaribu kwanza. Watu wengi hujaribu iliyo rahisi, wakashinda wiki nzima wakichagua rangi ya lebo, ilhali dhana ya hatari, ile ya mnunuzi, haijaguswa.

Basi nikasaga kidogo, nikapakia, nikaenda stendi. Nilikaa kwenye benchi la mama lishe mmoja mapema, kabla mabasi hayajaanza kuingia. Nilimwamkia, akaitika, akaendelea na kazi yake. Alitoa tangawizi kwenye mfuko, akatupa vipande vilivyoanza kuoza, akamenya vilivyobaki, akaponda kwenye kinu kidogo, akatia kwenye sufuria, akachuja na kumimina kwenye chupa ya chai. Nikampa unga wangu. Alinusa, akakoroga kikombe kimoja, akaonja, kisha akainamisha kile kikombe kuelekea kwenye mwanga.

"Mwanangu, harufu ni nzuri. Lakini tazama huku chini."

Chini ya kikombe kulikuwa na tope la unga. Chujio lake halikulizuia.

"Mteja wangu akifika hapa atasema chai yangu ina mchanga."

Nikamuuliza je, tangawizi anayotupa kwa wiki ni kama kiasi gani. Akanionyesha kwa viganja viwili. Hapo ndipo nilipopata bidhaa yangu. Alichotaka ni kitu kisichooza, kisichomwamsha mapema zaidi kumenya na kuponda, na kinachobaki kwenye chujio. Nikaacha kusaga. Tangawizi kavu nikaiponda kwenye kinu ikawa chenga, punje zinazolingana na mchele uliokatika. Chenga hutoa ladha kwenye maji ya moto na huchujika. Mashine ya kusaga ambayo kila mtu anaiulizia haikuwa na kazi.

Somo jingine linahusu heshima yetu. Ukimpa mtu wa huku kitu bure na kumuuliza kama ni kizuri, atakwambia ni kizuri sana, Mungu akubariki. Amekuheshimu, na heshima hiyo ni kitu chema, lakini haikupi taarifa ya biashara. Kwa hiyo usiulize, "Ungenunua?" Uliza, "Jana ulitumia nini? Ulikinunua wapi, kwa bei gani? Kikikwisha unafanyaje?" Mtu huweza kukadiria vibaya atakachofanya kesho, alichofanya jana anakijua. Na mara ya kwanza onjesha bure, mara ya pili uza, hata kwa jero. Anayetoa hela amekupa jibu. Anayekwambia "niletee siku nyingine" naye amekupa jibu.

Daftari langu la mauzo lina safu ambayo naithamini kuliko zote: nani amerudi kununua bila mimi kumkumbusha. Jumla ya pakiti zilizouzwa inaweza kukudanganya, maana ndugu, jamaa na waumini wenzako watanunua mara moja kukuunga mkono. Wanaorudi wenyewe ndio soko. Ukitaka kubadili kitu, badili kimoja kwa wakati. Ukibadili bei, kifungashio na ukubwa wa pakiti kwa pamoja, mauzo yakipanda hutajua kilichoyapandisha.

Mfano mkubwa wa kufuata kile watumiaji wanachofanya tunao wote mfukoni. M-Pesa ilipojaribiwa Kenya mwaka 2005, Nairobi na Thika, kwa wateja wachache tu, ilikusudiwa kurahisisha kupokea na kurejesha mikopo midogo. Waliokuwa wakiisimamia wakaona watu wanaitumia kwa mambo mengine, ikiwemo kutumiana fedha wao kwa wao. Ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, kazi yake kuu ilikuwa kutuma pesa nyumbani, na mwaka 2008 ikaingia Tanzania. Wangeng'ang'ania mikopo kwa sababu ndiyo mpango ulioandikwa, sijui kama leo mama wa Gonja angekuwa anapokea ada ya mtoto kutoka Dar es Salaam kwa simu. Walitazama mikono ya watumiaji.

Sasa hesabu, ambayo wengi huifanya wakiwa wameshachelewa. Tangawizi mbichi ni maji kwa sehemu kubwa. Chukulia kilo 6 mbichi zinatoa kilo 1 kavu. Kilo hiyo ukiigawa kwa pakiti za gramu 20 unapata pakiti 50, na kila pakiti imekula gramu 120 za mbichi. Tuseme umenunua mbichi kwa shilingi 2,000 kilo: hiyo ni shilingi 240 ndani ya kila pakiti. Mfuko na lebo weka 100. Mwenye duka anauza 500 na kubaki na 100 yake. Wewe unabakiwa na 60. Mbichi ikipanda hadi 3,000, pakiti hiyo hiyo inakula 360, na kila unapouza unapoteza 60. Ukiuza zaidi unapoteza zaidi. Lakini kilo ile ile kavu ukimuuzia mgahawa kwa 16,000 kwenye mfuko mmoja wa 500, wakati mbichi ni 2,000, unabaki na 3,500. Kwa pakiti 50 ungebaki na 3,000 na usiku mzima wa kubandika lebo. Bei zako zitakuwa tofauti na hizi. Weka zako, ufanye hesabu kabla ya kuagiza vifungashio.

Neno moja zito kuhusu chakula. Jaribio dogo halina ruhusa ya kuwa jaribio chafu. Kata vipande vyembamba vya milimita chache, anika kwenye chanja iliyoinuliwa na kufunikwa kwa neti, na usipakie mpaka kipande kivunjike ukikikunja. Kikipinda tu, bado kina maji, na unyevu huleta ukungu na hatari ya sumukuvu. Tangawizi ikikauka vizuri ukali wake huongezeka kuliko ilivyokuwa mbichi, kwa hiyo mwelekeze mteja aanze na kiasi kidogo. Usiweke kwenye lebo alama ya ubora ambayo hujapewa. Ukishakuwa na wateja wanaorudi, nenda SIDO, shirika la viwanda vidogo, ofisi ya Moshi, ujitambulishe, kisha TBS, shirika la viwango, ambao tangu 2019 ndio wanaosimamia pia usalama wa chakula. Mjasiriamali mdogo anayetambuliwa na SIDO ana nafuu ya gharama za alama ya ubora kwa miaka ya mwanzo. Usiiache nafuu hiyo ikapita.

Na mashine? Inunue siku ambayo oda za wateja wanaorudi zimezidi mikono yako, na daftari linaonyesha hivyo kwa miezi, si kwa wiki moja ya sikukuu. Kama uko Hedaru, Makanya, Kisiwani au Ndungu na unafikiria kukausha maembe, kusindika mchele au chochote kile, usikope bado. Wiki hii tengeneza kiasi cha kujaza mfuko mmoja wa kubeba mkononi, kipeleke kwa watu wasio ndugu zako, na uombe hela.