Kiyoyozi kikigoma Kalangalala, Geita, usikimbilie gesi

"Gesi imeisha." Mwenye nyumba huambiwa hivyo hata kabla fundi hajafungua begi lake. Jibu hilo huwagharimu watu fedha nyingi, na mara nyingi si la kweli. Gesi ya kiyoyozi haitumiki ikaisha kama ile ya mtungi wa kupikia. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, mwaka baada ya mwaka. Ikipungua, kuna mahali inavuja, na anayejaza bila kutafuta tundu anakuuzia ubaridi wa muda tu.

Katika mji kama Geita, anza kwa kuchunguza umeme na vumbi.

Kisipowaka kabisa, tazama kwanza kama mita ya LUKU ina uniti, kisha swichi ya ukutani na breka. Rimoti nayo ibadilishiwe betri, uhakikishe iko kwenye alama ya theluji na nyuzijoto ulizoweka ni chini ya joto la chumba. Breka ikiwa imeanguka, irudishe mara moja tu. Ikianguka tena, iache, kuna hitilafu. Asikushawishi mtu kuweka breka kubwa zaidi ili "ivumilie", maana hapo waya ndio utakaoungua, na nyumba nayo.

Umeme mdogo ni adui mkubwa zaidi. Mfumo wetu ni wa volti 230. Zikishuka sana, feni ya ndani huendelea kupuliza huku mashine ya nje ikinguruma, ikinyamaza, kisha ikijaribu tena. Taa zikififia wakati huohuo, zima kiyoyozi mara moja, kwa sababu kompresa inayolazimishwa kuwaka kwa umeme hafifu huchemka hadi waya zake za ndani ziungue. Kifaa cha kulinda volti ni nafuu mno kuliko kompresa mpya. Umeme ukirudi baada ya kukatika, subiri dakika 3 hadi 5. Mashine nyingi hujichelewesha zenyewe, kwa hiyo kimya hicho si ubovu.

Kikiwaka lakini hakipoozi, shuku vumbi. Kati ya Juni na Septemba mvua ni adimu, na vumbi jekundu la barabara zisizo na lami huingia kila mahali. Zima umeme, inua mfuniko wa mashine ya ndani, vuta filta, uioshe kwa maji na sabuni kidogo, kisha uianike kivulini. Wakati wa kiangazi fanya hivyo kila baada ya wiki mbili. Filta iliyoziba huzuia hewa, koili ikaganda barafu, na barafu ikiyeyuka maji hudondoka ukutani. Ukiona barafu, weka feni peke yake hadi iyeyuke. Kamwe usiikwangue kwa kisu, utatoboa bomba. Maji yakidondoka bila barafu, angalia mpira wa kutolea maji nje. Huziba kwa matope na wadudu.

Mashine ya nje nayo inahitaji kupumua. Wapo wanaohofia wezi wakaizungushia mabati pande zote, na hapo joto linakosa pa kwenda. Wavu wa nondo unatosha. Breka ikiwa imezimwa, mwagia mapezi ya mashine hiyo maji taratibu. Mashine ya kuoshea magari ina nguvu mno, itayalaza.

Usivuke hapo. Ndani ya mashine ya nje kuna kapasita, ambayo huhifadhi umeme hata baada ya kuzima na inaweza kukupiga vibaya. Ikifa, kompresa au feni haianzi. Mwombe fundi aipime kabla hajatamka neno kompresa.

Akisema gesi imepungua, mwambie akuonyeshe inapovuja, hata kwa povu la sabuni kwenye maungio. Soma naye aina ya gesi kwenye kibati cha mashine: R22, R410A au R32. Hazichanganywi. R410A inajazwa kwa mizani, si kwa kukadiria, na R32 inaweza kushika moto, hivyo asitumie moto kuunga bomba ambalo bado lina gesi. Kama unawaza kununua kiyoyozi cha mtumba, kikwepe cha R22. Gesi hiyo huharibu tabaka la ozoni, na chini ya Itifaki ya Montreal ya 1987 nchi zinazoendelea zinaiondoa sokoni ifikapo 2030, kwa hiyo kuipata kutazidi kuwa kugumu.