Somo la Akina Mama: Kiu ya Mtoto Mchanga

Msimu wa mpunga ukifika, wengi wetu huondoka Ifakara na kwenda kukaa mashambani mpaka mavuno. Mama aliyejifungua juzi naye huenda, mtoto mgongoni. Jua la bonde letu twalijua. Mchana mtoto hulia, na bibi husema, "Huyu ana kiu, mpeni maji." Neno hilo latoka katika mapenzi, lakini laweza kumdhuru mtoto.

Katika kila sehemu 100 za maziwa ya mama, zaidi ya 85 ni maji. Chumvi iliyomo ni kidogo, kwa kadiri ya figo za mtoto, ambazo hazijakomaa. Ukimnywesha maji mengi, figo hizo haziwezi kuyatoa upesi. Damu huzimuliwa, chumvi yake hupungua, mtoto hulegea, hata akashikwa na degedege. Nasi hapo twaanza kumtafuta aliyemroga! Tena tumbo likijaa maji hanyonyi, na maziwa ya mama hupungua. Wala sijataja uchafu wa maji ya shambani, unaoleta kuhara.

Maziwa ya kwanza ya njano, yaani dang'a, msiyakamue na kuyamwaga. Ni machache, lakini na tumbo la mtoto ni dogo. Kupungua uzito kidogo siku za kwanza si ajabu. Kwa kawaida uzito hurudi kabla ya wiki mbili.

Mtajuaje kwamba anashiba? Tazameni nepi. Tangu siku ya tano, mtoto apate mkojo mara sita au zaidi, usiku na mchana. Mkojo ukiwa haba, mdomo ukikauka, utosi ukibonyea, akihara, akiwa na homa au akikataa titi, mpelekeni hospitali siku ile ile, huku mkimnyonyesha njiani. Msimchanganyie chumvi na sukari kwa kukisia, maana chumvi ikizidi nayo ni hatari. Ndugu wa ng'ambo ya mto, daraja la Kilombero lilifunguliwa 2018. Hatungoji tena pantoni kufika Hospitali ya Mtakatifu Fransisko.

Anayehitaji maji pale shambani ni mama. Bibi amchotee yeye kikombe, yaliyochemshwa, na baba ampokee jembe mtoto anaponyonya.