PEPO ZA KUZUNGUKA NA SHAMBA LAKO



Mahindi yakiharibika, waweza kupanda tena msimu ujao. Lakini mkarafuu au mnazi uliotunzwa miaka kumi waweza kulala chini kwa usiku mmoja wa upepo. Kwa hiyo yakupasa kuujua upepo kama uujuavyo udongo wako. Pepo za kuzunguka ni za namna tatu, usizichanganye.

1. KISULISULI. Wengine huuita chamchela. Jua la mchana huchoma ardhi tupu. Hewa iliyo karibu na ardhi hupata moto, hupanda upesi na kuzunguka, ikichukua mavumbi na majani makavu. Mbingu huwa safi. Si shetani apitaye. Ni hewa ya moto tu, nayo huisha baada ya dakika chache. Usiache udongo uchi. Ufunike kwa majani.

2. TONADO. Hii haianzi ardhini, bali hutoka katika wingu kubwa la radi. Mambo matatu hutakiwa: hewa ya joto yenye unyevu chini, hewa baridi na kavu juu, na upepo unaobadilika nguvu na upande kadiri unavyokwenda juu. Upepo wa juu ukipita mbio kuliko wa chini, hewa iliyo kati hujiviringisha kama gogo litembealo chini. Kisha hewa ya joto ipandayo huliinua gogo hilo likasimama wima. Likizidi kuwa jembamba, huzunguka kwa kasi zaidi. Nchi ya Marekani hupata tonado nyingi kuliko nchi zote, hasa kati ya Aprili na Juni, wakati wa alasiri na jioni. Zile kali sana hupita kilomita 320 kwa saa.

3. KIMBUNGA. Hiki huzaliwa baharini, maji yakiwa na joto la nyuzi 26 au zaidi. Mvuke hupanda, hugeuka mvua, na joto litokalo humo huzidi kuvuta hewa. Mzunguko wa dunia ndio unaokizungusha. Karibu sana na ikweta msukumo huo ni hafifu, ndiyo sababu pwani yetu hupigwa kwa nadra. Nadra si kamwe. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba ilisalimika kwa sehemu kubwa, na baadaye ikaipita Unguja kwa karafuu. Aprili 1952 kimbunga kilipiga Lindi, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika pwani karibu na Mafia.

TONADO NDANI YA KIMBUNGA. Kimbunga kinapopanda nchi kavu, miti na vilima hupunguza upepo wa chini, lakini wa juu huendelea mbio. Hapo lile gogo la hewa hufanyika tena, na mawingu ya ukingoni huzaa tonado ndogo ndogo, mara nyingi mbali na kitovu. Huko Marekani kimbunga Beulah cha 1967 na Ivan cha 2004 kila kimoja kilizaa zaidi ya tonado 100. Basi usidhani uko salama kwa kuwa kitovu kiko mbali.

MAMBO YA KUFANYA

(a) Usitegemee zao moja. Panda muhogo na viazi vitamu. Chakula kilicho chini ya udongo hakipeperushwi.

(b) Tegemeza migomba yenye mikungu kwa miti yenye panda.

(c) Panda safu za miti kukata upepo wa kila siku. Safu inayopitisha upepo kidogo ni bora kuliko iliyosongamana kama ukuta. Lakini haitazuia kimbunga.

(d) Kata matawi makavu karibu na nyumba, na zibua mifereji kabla ya masika.

(e) Sikiliza redio. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa onyo, vuna kilichokomaa, weka mbegu mahali pakavu palipoinuka, na uhamishe mifugo kutoka mabondeni.

(f) Upepo wa kimbunga ukinyamaza ghafula, usitoke kutafuta mbuzi wala kufunga bati. Huenda hicho ni kitovu kinapita, na upepo utarudi kwa nguvu kutoka upande wa pili. Ngoja mpaka utangaziwe kuwa kimepita.

Mti ulioanguka waweza kupandwa tena, mkulima hapandwi.