Mtoto Mwenye Shunti Anaporudi Nyumbani
Kwa wazazi, wahudumu wa zahanati na vituo vya afya, na hospitali za rufaa

Mtoto aliyezaliwa na mgongo wazi, au ambaye kichwa chake kinakua kupita kiasi kwa sababu ya maji, hupelekwa mbali: Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) jijini Dar es Salaam, Bugando kule Mwanza, au hospitali nyingine chache zenye mabingwa wa upasuaji wa ubongo. Wengi huwekewa shunti, yaani mpira mwembamba unaopita chini ya ngozi kutoka ndani ya ubongo hadi tumboni ili kupunguza maji. Wengine hutobolewa njia ya maji kwa kamera, bila mpira, upasuaji ulioendelezwa sana katika hospitali ya CURE ya Mbale, Uganda.

Kisha mtoto anaruhusiwa. Mara nyingi mama hurudi kijijini na karatasi moja yenye vifupisho vya Kiingereza ambavyo yeye hawezi kuvisoma, na ambavyo tabibu wa zahanati yao huenda hajapata kuviona.

Si kila homa ni malaria tu

Shunti huweza kuziba au kuingiwa na vijidudu. Matatizo mengi ya aina hiyo hutokea katika mwaka wa kwanza, mtoto akiwa nyumbani na bingwa akiwa umbali wa siku nzima ya basi. Dalili zake ni kutapika, homa, usingizi usio wa kawaida, kulia bila kutulia, degedege, utosi kuvimba, na macho kuelekea chini.

Tabibu aliyezungukwa na foleni ya wagonjwa ataona malaria hapo, na ana sababu. Atapima. Lakini aina nyingi za kipimo cha haraka huendelea kuonyesha malaria wiki kadhaa baada ya mtoto kupona. Tena malaria inaweza kuwepo kweli, na shunti nayo imeziba. Mtoto anapewa dawa na kurudishwa nyumbani huku shinikizo kichwani likipanda. Anaweza kupoteza uwezo wa kuona, hata maisha. Hatumlaumu tabibu huyo, maana hakuna aliyemwambia.

Barua ya kurudi

Rufaa ya kwenda huandikwa. Ya kurudi husahauliwa, na kwa maoni yetu hilo ni pengo kubwa kuliko upungufu wa vifaa, kwa sababu kuliziba hakuhitaji bajeti. Bingwa aandike ukurasa mmoja wa Kiswahili kwa mganga mfawidhi wa kituo cha karibu na nyumbani kwa mtoto: upasuaji gani umefanyika na lini, mpira uko upande gani, mzunguko wa kichwa siku ya kuruhusiwa ni sentimita ngapi, dawa zipi zinaendelea, dalili zipi zinataka mtoto arudishwe haraka. Chini yake iwepo namba ya simu ya wodi, si ya daktari mmoja ambaye kesho yuko likizo. Simu hiyo ipokelewe hata usiku.

Mhudumu wa zahanati, nawe una sehemu yako. Pima kichwa cha mtoto kila anapokuja kliniki. Futi kamba inatosha. Andika kipimo kwenye kadi na ukilinganishe na cha mwezi uliopita. Kichwa kikiongezeka haraka, piga simu hospitalini siku hiyohiyo. Mtoto mwenye shunti asitolewe maji ya mgongo kabla ya kuzungumza na daktari wa upasuaji. Ukitoa rufaa, tibu malaria iliyothibitishwa, lakini usiache tiba hiyo icheleweshe safari.

Kwako mzazi

Usitoke wodini kabla hujaelezwa kwa lugha unayoielewa mtoto amefanyiwa nini. Omba barua. Ipige picha kwa simu, kwa kuwa karatasi hulowa na kupotea. Mwombe muuguzi aandike juu ya kadi ya kliniki, kwa herufi kubwa: MTOTO ANA SHUNTI. Siku za mwanzo baada ya kurudi, ipeleke barua zahanati hata kama mtoto ni mzima, na mweleze pia bibi au dada anayebaki naye. Akianza shule, mwalimu ajue.

Ukiona dalili tulizozitaja, usisubiri tarehe ya kliniki. Mpeleke leo, na kabla hajapimwa chochote, sema kwamba ana shunti.