Dondoo muhimu: Haki na nafuu za mlemavu na mlezi wake, mtaa wa Lac Vert, Goma

Sheria ipo. Ibara ya 49 ya Katiba ya Kongo (DRC) ya 2006 inampa mlemavu haki ya ulinzi maalum, na sheria ya tarehe 3 Mei 2022 imeifafanua zaidi. Itaje namba yake, 22/003, unapozungumza na ofisi yoyote; mhudumu akisikia namba hukaa vizuri kitini.

Anza na daktari: omba cheti kinachoeleza ulemavu. Toa kopi kadhaa, cheti halisi kibaki nyumbani.

Anayehitaji mguu wa bandia au mazoezi ya viungo aulize kituo cha Shirika la Umoja, Goma, ambacho kimefanya kazi hiyo kwa msaada wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu. Kama uliumizwa vitani, waambie mapema. Uliza pia kuhusu nauli na malazi ya mlezi, maana kutoka Lac Vert hadi mjini, juu ya mawe ya volkano, mgonjwa haendi peke yake.

Kwenye Petite Barrière, kivuko cha mpaka wa Goma na Rwanda, wafanyabiashara walemavu wenye baiskeli za magurudumu matatu wamezoea kuhurumiwa ushuru. Huruma hiyo hubadilika na afisa wa zamu. Uliza kabla ya kununua mzigo, na udai risiti.