Kabla Hujavunja Ukuta wa Sebule

Leo nakaa na mdogo wangu wa Mwadui, na ninyi wengine wa Maganzo, Kahama hadi Geita sogezeni viti, maana jambo lake ni la wengi. Nyumba yake ina sebule ndogo, chumba chembamba cha kulia chakula, halafu jiko. Anataka kuvunja kuta mbili zilizo katikati ili vyote viwe ukumbi mmoja. Shemeji ameshapata fundi, fundi ameshasema ni kazi ya siku moja, na nyundo inangoja mshahara wa mwisho wa mwezi.

Mdogo wangu, nyundo ingoje kidogo zaidi.

Hamu yako naielewa, wala si anasa. Nyumba zetu nyingi zilijengwa kwa kuhesabu vyumba, vingi kadiri ya tofali zilizopatikana, na sebule ikaachiwa kilichobaki. Jumuiya ikija kusali kwako, nusu ya watu wanakaa korido. Kikoba kikikutana, mweka hazina anapaza sauti ili waliokaa chumba cha pili wasikie mahesabu. Wewe uko jikoni, wageni wako sebuleni, na mazungumzo yote yanakupita. Ongeza joto la Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijaanza, upepo unapoingia dirisha la mbele na kukosa njia ya kutokea nyuma. Ukumbi mpana unasaidia yote hayo. Sikukatazi kuutaka.

Kinachonitia hofu ni zile video za kwenye simu. Mama wa Marekani anavaa miwani, anapiga nyundo mara tatu, ukuta umekwisha, na jioni familia inakula mezani. Kuta nyingi za ndani za nyumba zile ni fremu za mbao zilizofunikwa kwa jipsamu. Ukuta wako ni wa tofali. Ukiwa wa tofali za saruji za inchi 6, urefu mita 3 na nusu, kimo mita 2 na nusu, umepigwa lipu pande zote mbili, uzito wake unakaribia tani 3. Huo si mzigo wa kusukuma kwa bega huku watoto wakichungulia mlangoni. Na hata huko Marekani, ukuta unaobeba hauguswi mpaka mtu mwenye elimu yake apige hesabu ya bimu itakayoshika nafasi yake.

Basi swali la kwanza ni hili: ukuta wako unabeba nini? Watu hugonga kwa vidole wasikilize. Kwetu haisaidii, kwa sababu kila ukuta ni tofali na sauti ni ileile. Panda darini mchana na tochi, au mtume fundi apande akupigie picha. Angalia mbao ya chini ya kenchi, ile inayovuka nyumba kutoka ukuta wa nje hadi wa nje. Mbao za dukani kwa kawaida ni za futi 12, yaani kama mita 3 na sentimita 60. Nyumba yenye upana wa mita 7 au 8 haivukwi na mbao moja, kwa hiyo lazima ziungwe, na mafundi wengi huweka kiungo juu ya ukuta wa katikati. Wengine husimamisha kipande cha mbao kutoka juu ya ukuta huo hadi kwenye kenchi ili bati lisibonyee. Ukiona kiungo kimekaa pale, au kipande hicho kimesimama, au tofali zenyewe zimepanda hadi kugusa paa, ujue ukuta huo una kazi. Ukiutoa bila kuweka kitu badala yake, paa litaanza kushuka polepole. Utaliona kwenye dari kwanza, kisha kwenye milango inayokataa kufunga.

Fundi atakuambia usiogope, kwani linta imepita juu. Muulize nondo ngapi zimo ndani yake na za milimita ngapi. Linta iliyomwagwa juu ya tofali ilitegemea kulala juu ya tofali hizo urefu wake wote, ikiruka mlango tu wa chini ya mita moja. Haigeuki kuwa bimu ya mita 3 na nusu kwa sababu umeondoa kilichokuwa chini yake. Bimu halisi ya urefu huo huwa na kina cha karibu sentimita 30, ina nondo zilizopangwa kwa hesabu, na inahitaji pa kukalia imara kila upande.

Sasa nije kwenye kazi ya pili ya ukuta, ambayo watu huisahau kabisa, na ndiyo inayonisumbua zaidi kwa ajili yako. Ukuta wa ndani huushika ule wa nje usiyumbe. Simamisha daftari mezani likiwa limefunguliwa nusu, litasimama. Linyooshe lote, litaanguka. Ukuta mrefu wa nje uliofungwa na kuta za ndani kila baada ya mita 3 ni imara. Ondoa mbili kati ya hizo, umebaki na ukuta wa mita 9 au 10 unaosimama peke yake mbele ya upepo.

Na upepo wa kwetu tunaujua. Usiku wa tarehe 3 Machi 2015 mvua ya mawe na upepo mkali vilipiga Mwakata na vijiji jirani wilayani Kahama. Zaidi ya watu 40 walifariki, na nyumba za udongo ziliwaangukia watu wakiwa ndani. Sisemi kwamba pale mtu alikuwa ametoa ukuta. Nasema mkoa wetu ndio huu, na mvua zake ndizo hizi. Mwaka uliofuata, tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la Kagera lenye ukubwa wa 5.9 lilibomoa nyumba nyingi Bukoba na kandokando yake, na mtikisiko ukafika hadi Mwanza. Nyumba yako inapaswa kuwa tayari kwa usiku mbaya, si kwa siku ya wageni peke yake.

Ardhi nayo ina neno. Kama umejenga kwenye luseni, udongo wa kichanga, afadhali. Kama uko kwenye udongo mweusi wa mbuga, unajua jinsi unavyopasuka kiangazi hadi mguu wa mbuzi unazama, na unavyovimba masika. Udongo huo unainua msingi na kuushusha kila mwaka. Zile nyufa za mshazari kwenye pembe za madirisha yako ndizo alama yake. Nyumba yenye nyufa za namna hiyo isitolewe ukuta kabla mhandisi hajaitazama. Chora mstari wa penseli kwenye ncha ya kila ufa, andika tarehe, na urudi baada ya masika. Ufa uliovuka mstari wako unaendelea kutembea.

Tuseme mhandisi amekubali. Ushauri wangu kwako bado si kuvunja zote mbili.

Ukuta wa sebule na chumba cha kulia, fungua. Lakini usiukwangue wote. Acha mabega kila upande, kama sentimita 60 hivi au kadiri mhandisi atakavyosema, bimu ikalie hapo na mabega yaendelee kuushika ukuta wa nje. Ukiingia ndani utaona ukumbi mmoja, na hakuna mgeni atakayelalamika kuhusu mabega. Upana unaoutafuta unaupata karibu wote, na hatari inapungua sana.

Ukuta wa jiko, uache kwanza. Niambie ukweli, unapika na nini? Kama maharage bado yanachemkia kwenye mkaa, jiko la wazi litaleta moshi na hewa yenye sumu moja kwa moja kwenye makochi, na kwa watoto waliolala mbele ya runinga. Hewa ya mkaa huua bila harufu. Serikali ina Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wamehamia huko ifikapo mwaka 2034. Nakuombea uwe miongoni mwa wa mwanzo. Hata hivyo, ukihamia gesi, kumbuka gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa sakafuni na kujikusanya chini, na kwenye ukumbi mmoja hakuna ukuta wa kuizuia isifike ulipowasha mshumaa umeme ulipokatika. Mtungi ukae nje kwenye kibanda chenye matundu chini, na bomba liingizwe ndani na mtu anayeijua kazi hiyo. Kwa sasa toboa dirisha pana la kupitishia chakula kati ya jiko na chumba cha kulia, nalo liwe na linta yake. Utawaona wageni, utasikia maneno, na sahani zitapita.

Kuna jambo jingine ambalo video haziwezi kujua. Shemeji ni dereva wa mtambo na anafanya kazi shifti. Akitoka usiku, analala mchana. Ukumbi mpana wenye marumaru unavuma: kijiko kikianguka jikoni kinasikika chumbani. Kwa hiyo ukuta na mlango kati ya ukumbi na korido ya vyumba visiguswe hata kama utapendezewa vipi na picha. Dereva wa mtambo asiyelala ni hatari kwake na kwa wenzake. Na mtoto wako wa darasa la saba atasomea wapi runinga ikiwaka? Mpangie meza yake chumbani kabla ya kupanga makochi. Kuhusu baba mkwe, kama kwenu hupendi akuone ukichochea ugali umejifunga kanga moja, dirisha la chakula linafungwa kwa pazia. Ukuta uliovunjwa haufungwi.

Kazi yenyewe ifanyike kiangazi, Juni hadi Septemba, paa likiwa halina maji ya kubeba. Umeme uzimwe kwenye swichi kuu na nyaya za ukuta huo zihamishwe na fundi mwenye leseni ya EWURA. Kenchi zishikiliwe na mirunda iliyosimama pande zote mbili za ukuta, chini ikikalia mbao pana, juu ikibanwa kwa kabari. Tofali zitolewe mstari kwa mstari kuanzia juu. Fundi anayetaka kuukata ukuta chini ili uanguke wenyewe, mlipe nauli yake aende. Kifusi kitolewe nje siku hiyohiyo, kisirundikwe kwenye kuta zilizobaki. Bimu ikishamwagwa, zege inyweshewe maji kila siku kwa wiki moja angalau, na mirunda isitoke mpaka wiki ya tatu au ya nne, au siku mhandisi aliyoitaja. Unaona sasa kwa nini ile kazi ya siku moja iliniogopesha.

Tofali nzima zisafishe na kuzihifadhi. Mkoa huu ulikatwa miti hadi mwaka 1986 ukaanzishiwa mradi wa HASHI kurudisha ngitili, yaani malisho yaliyotengwa, na misitu. Kama tofali zako ni za kuchoma, ukizitumia tena hutakata miti ya kuchomea nyingine. Zitakutosha banda la kuku au kingo za kibaraza.

Weka pia fedha ya vitu viwili usivyoviona sasa. Ukuta ukitoka, sakafu itabaki na mstari mtupu wa msingi, mara nyingi pande mbili hazilingani kimo, na marumaru za zamani hazipatikani tena dukani. Dari nayo itabaki na pengo. Watu wengi huishiwa fedha hapo, wakakaa miaka na ukumbi wenye kovu katikati.

Suala la ruhusa ni fupi. Mgodi wa Mwadui ulianza mwaka 1940 kwa Dk. John Williamson, na nyumba nyingi za wafanyakazi kwenye eneo la mgodi ni za mgodi. Kama unaishi kwenye mojawapo ya hizo, ukuta si wako; omba kwa maandishi, na usiposhinda, panga upya samani. Nyumba ya zamani ichunguzwe pia kama dari au paa lina asbesto kabla mtu hajagonga chochote, maana vumbi lake huharibu mapafu. Kama nyumba ni yako na iko eneo lililopimwa, pita halmashauri ya Kishapu uulizie kibali cha kubadilisha jengo. Huko pia muulizie mhandisi. Kumlipa kwa kutembelea na kuchora bimu moja ni gharama ndogo kuliko kuezeka upya.

Na wewe uliyenisikiliza kutoka pembeni, ambaye nyumba yako ni ya tofali bichi za udongo zilizounganishwa kwa tope: usitoe ukuta wowote. Panua dirisha kidogo kwa linta nzuri, jenga kibaraza kipana nje upande wa kivuli, wageni wakae huko. Ukumbi wako utakuja na nyumba ijayo, uuchore kabla msingi haujachimbwa.

Mdogo wangu wa Mwadui, mwambie shemeji asimlipe fundi kianzio mpaka mmepanda darini. Kisha niandikie mlichokiona.