Taa ya Injini na Taa ya Dhamiri

Wapendwa vijana, huku Kisongo wengi wetu riziki iko barabarani: Noah za abiria za kwenda mjini, Corolla za kukodi, pikapu za mizigo. Magari yenyewe mengi ni ya umri, yamekuja mtumba kutoka Japani. Kwa hiyo ile taa ya njano yenye umbo la injini kwenye dashibodi tunaijua vizuri. Leo itufundishe jambo kuhusu dhamiri.

1. Taa siyo ugonjwa

Kompyuta ya gari inasoma sensa muda wote. Kipimo kikitoka nje ya kiwango, inahifadhi namba ya hitilafu na kuwasha taa. Ukichomoa betri, namba inafutika na taa inazima. Lakini ubovu haujagushwa; baada ya safari chache taa inarudi.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino anafundisha kuwa dhamiri ni tendo la akili: ninachukua ninachojua kuhusu mema na mabaya, nakipima kwenye tendo hili nililofanya. Basi ile hali ya kukosa amani baada ya kudanganya siyo mkosi wa kuzimwa kwa bia na muziki. Ni ujumbe.

2. Tafuta chanzo, usibahatishe

Namba haikuambii spea ya kununua. P0171 inasema hewa ni nyingi kuliko petroli. Sababu? Labda mpira wa hewa umepasuka, labda sensa ya hewa imejaa vumbi, labda pampu ya petroli imechoka. P0301 inasema silinda ya kwanza inamisi. Kama kila plagi ina koili yake, fundi makini anahamisha koili ya silinda ya 1 kwenda ya 2, anafuta namba, anaendesha. Ikija P0302, koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0301, anaendelea kutafuta kwenye plagi, nozeli na kadhalika.

Fanya hivyo unapojiandaa kwa Kitubio. "Nilimtukana mama" ni namba. Ungama hilo, lakini jiulize pia: lilitoka wapi? Deni ninaloficha? Wivu kwa kaka yangu? Usipofika kwenye chanzo, mwezi ujao utaungama lile lile.

3. Kuna taa ya kusimama

Taa ikiwaka bila kupepesa na gari inakwenda kawaida, unaweza kuendesha taratibu mpaka kwa fundi. Ikipepesa, injini inamisi vibaya, petroli isiyoungua inaingia kwenye ekzosi na kuharibu masega. Punguza mwendo, usimame. Taa nyekundu ya oili au ya joto? Zima hapo hapo. Najua ugumu wake: hesabu ya tajiri haijafika, unasema "nimalizie tripu moja tu." Tripu moja imeua injini nyingi. Dhambi nazo hazina uzito sawa (KKK 1854), na ile ya mauti haingoji Pasaka.

4. Taa isiyowaka kabisa

Ukifungua swichi kabla ya kuwasha injini, taa hii inapaswa kuwaka kidogo. Isipowaka, kuna uwezekano mtu ameitoa ili auze gari. Huyo ameiba na amedanganya, hata kama anaita biashara.

Soma 2 Samweli 12. Daudi alikuwa ametwaa mke wa mtu na kumuua mumewe, na bado alihukumu kesi ya mwanakondoo kwa hasira ya haki. Taa yake ilikuwa kimya. Ilibidi Nathani aje. Wewe Nathani wako nani? Padre, mama, rafiki asiyekuogopa?

Na sensa nayo huharibika. Mwingine anaona dhambi kila mahali mpaka anakosa usingizi. Dhamiri inaweza kukosea, ndiyo maana inahitaji kulelewa kwa Neno la Mungu na mafundisho ya Kanisa (KKK 1783-1785). Usijitibu peke yako. Ongea na muungamishi wako.

Zoezi la wiki

Kila jioni dakika 10, kwa njia ya Mtakatifu Inyasi: shukuru, omba mwanga, pitia siku yako, omba msamaha, panga kesho.

Tusali: Bwana, usiruhusu nizoee taa inayowaka ndani yangu. Nipe ujasiri wa kusimama na kutafuta chanzo. Amina.